Lutu alikawia, Nabothi alikataa

Masomo: Mwanzo 19:12-26, 1 Wafalme 21:1-19



Mvua ikizidi na Lualaba ikipanda, ulizo moja linarudi. Wengine wanatutumia ujumbe, wengine wanatusimamisha njiani kisha ibada. Wanasema: wakubwa wa serikali wametuambia tuhame, tuache nyumba, twende upande wa juu. Tukikataa, ni dhambi? Ao tukihama, ni kukosa imani?

Leo tunataka kujibu, lakini si kwa maneno mepesi. Sisi wenyewe tunaijua Kisale. Tunamjua mtu anayekaa juu ya kisiwa cha mafunjo kinachoelea, upepo unasukuma kisiwa naye yuko juu yake, na nyavu zake, na samaki wake juu ya moshi. Mtu huyu ukimwambia toka, umemwambia aache kazi inayolisha watoto wake. Mhubiri mwenye nyumba juu ya kilima akihubiri watu watii tangazo la kuhama, anahubiri neno ambalo halimgharimu kitu. Tumeanza na hilo kwa sababu tunajisemea sisi wenyewe pia.

Tuangalie kwanza mji mwingine wa Kongo yetu, mji wa Goma. Umejengwa juu ya mawe ya moto uliopoa. Mlima Nyiragongo uko karibu yake, na kila mtu wa pale anauona moshi wake. Mlima huo ulilipuka mwaka 1977. Ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002: moto ukapita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa Kivu, ukafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Watu mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda. Waliambiwa wangojee kule, watatayarishiwa kambi. Wengi hawakungojea. Kisha siku chache tu walirudi, wakipita juu ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa moshi.

Tusiwacheke. Ilikuwa wakati wa vita, mji ulikuwa mikononi mwa RCD, na wengi waliogopa kuwa wakimbizi Rwanda kuliko walivyoogopa mlima. Tena waliacha nyumba bila mlinzi. Lakini kurudi kwenyewe kulikuwa na hatari yake: tarehe 21 Januari kituo kimoja cha esanse kililipuka, watu makumi wakafa, na kati yao walikuwa watu waliokuja kuchota mafuta.

Miaka 19 ikapita. Siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021, mangaribi, mlima ukapasuka tena, na hakuna tangazo lililotolewa mbele. Wataalamu wanaouchunguza walikuwa wamekosa feza za kazi yao kwa miezi mingi. Moto ukashuka mpaka Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, wamoja kwa moto, wengine kwa hewa mbaya, wengine kwa aksida za barabarani wakikimbia. Nyumba maelfu ziliteketea. Watoto mamia walipoteana na wazazi wao usiku ule na siku zilizofuata.

Kisha siku tano, alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akatangaza kwamba kartiye 10 kati ya 18 za Goma zitoke, tena haraka. Sababu yake ilikuwa hii: vyombo vilionyesha moto chini ya mji na chini ya ziwa, na ungeweza kutoka bila kuonya tena. Watu karibu 400,000 wakaondoka. Wamoja walikwenda Rwanda, wengine Rutshuru, wengine Minova, wengi sana Sake. Kule Sake walilala ndani ya makanisa na shule na kando ya barabara, maji safi yalikuwa machache, na hofu ya kolera ikaanza.

Lakini wengine walikataa kutoka. Katika nyumba nyingi mke na watoto walikwenda, baba akabaki mlangoni. Wengine walitoka kisha wakarudi, serikali ikiwa bado inasema mungojee. Ni tarehe 7 Juni tu ambapo waziri mkuu Sama Lukonde alitangaza kwamba watu wataanza kurudi polepole. Kwa wengi tangazo hilo liliwakuta nyumbani tayari.

Na moto haukutoka mara ya pili.

Hapo ndipo neno linakuwa gumu. Ni vyepesi kwa aliyebaki kusema: munaona? Mimi nilimwamini Mungu, ninyi mulikimbia bure. Ndugu zetu, mama anamkataza mtoto kuoga penye mamba. Siku ile mamba hakuja. Mama alisema uongo? Yona alikaa nje ya Ninawi amekasirika kwa sababu mabaya aliyotangaza hayakuja, na Mungu ndiye aliyefurahi kwamba hayakuja. Nyumba iliyosalimika haionyeshi kwamba mwenyewe alikuwa na imani kuliko jirani yake aliyelala Sake juu ya simiti na watoto watano.

Tumuangalie Lutu. Biblia inasema alikawia. Haisemi kwamba siku ile aliasi, inasema tu kwamba alikawia. Alikuwa amejenga pale, alikuwa na wakwe pale, na wakwe walipoambiwa walidhani mzee anafanya mchezo. Tumezoea kumhubiri mke wa Lutu na chumvi, tunaipenda sana chumvi ile. Lakini soma mstari wa 16: malaika waliwashika mikono, Lutu na mke wake na binti zake wawili, wakawatoa. Mungu alijua kwamba tangazo peke yake halimtoi mtu nyumbani mwake. Kule Goma tangazo lilikuja alfajiri, lakini kwa wengi mkono haukuja: hawakuwa na gari, hawakuonyeshwa watalala wapi, na hawakujua nani atalinda mlango. Aliyebaki kulinda mlango hakumwasi Mungu. Alifanya hesabu kama vile sisi sote tunavyofanya, na hesabu yake ingeweza kumuua.

Lakini si kila sauti inayosema toka ni ya malaika. Mfalme Ahabu naye alimtaka Nabothi aondoke katika shamba lake. Alimpa maneno matamu, shamba lingine zuri kuliko lile, ao feza. Nabothi akakataa, kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Tazama basi Mungu alimtuma Eliya kwa nani. Hakumtuma kumkemea Nabothi kwamba hakutii mamlaka, alimtuma kwa mfalme. Sisi wa Katanga neno hili tunalijua vizuri. Kule Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, na mwaka 2017 wakubwa wa jimbo wakahamisha familia mamia ili mahali pale pawe machimbo. Mtu wa namna ile akiuliza nitakwenda wapi, nitalipwa nini, na nani atakula hapa kisha mimi, asiitwe mwasi. Warumi 13 haikuandikwa ili kufunga kinywa chake. Tena tusidanganyane: Nabothi alikufa kwa mawe, kwa mashahidi wa uongo. Anayekataa kama Nabothi ajue njia anayoishika, na kanisa lisimwache peke yake.

Basi tutajuaje? Sisi tunaona alama moja ndani ya masomo haya mawili. Ahabu alitaka Nabothi atoke ili yeye mwenyewe aingie. Malaika walimtoa Lutu, na wao pia wakatoka, hawakutamani hata kiwanja kimoja cha Sodoma. Anayekuambia toka, uangalie miguu yake. Ikiwa naye anatoka, ikiwa anatoa watoto wake mwenyewe, chukua mkeka uende. Lakini kuna jambo baya zaidi: maji yanaweza kuwa ya kweli na Ahabu naye akawa wa kweli. Mtu anahama kwa sababu ya mafuriko, maji yanashuka, anarudi, anakuta mwingine anapima kiwanja chake na kamba. Ni hofu hiyo, kuliko kiburi, inayomfanya mzee akae juu ya kitanda maji yakiwa chini ya kitanda.

Kwa wale wanaotoa unabii, tuna neno fupi. Ibilisi alimwambia Bwana wetu ajitupe toka juu ya hekalu, na akataja Zaburi vizuri. Bwana hakujitupa. Anayemwambia ndugu abaki ndani ya maji kwa jina la Yesu, aje alale pale pamoja naye usiku. Unabii wa namna ile hatutausoma kwenye redio hii, hata ukiletwa na mtu tunayemheshimu.

Na ninyi wa visiwa, hatuna jibu linalotosha. Hatutawaambia muache ziwa. Tunawaomba hili tu: wamama wenye mimba, watoto wadogo na wazee waje upande wa juu mbele ya maji kuwa makali, na ninyi wanaume mubaki na mitumbwi, si na majumba. Mtu mwenye mtumbwi anaweza kutoka usiku.

Tumezungumza na wazee wa kanisa. Nyumba ya ibada ya upande wa juu itafunguliwa maji yakipanda, na hakuna atakayeulizwa anasali wapi. Vijana watagawana zamu za kuzunguka na mitumbwi mchana na usiku, ili nyumba zisiibiwe. Na kwa ajili ya viwanja, siku ya Mungu kisha ibada mashemasi watabaki mlangoni na daftari. Kila mwenye nyumba ya upande wa chini aje na majirani wake wawili, ule wa kuume na ule wa kushoto, waandikwe pamoja: jina, mipaka, miti iliyopandwa. Nakala moja tutaipeleka kwa shefu, moja itabaki ndani ya sanduku la kanisa.

Tuombe. Bwana, kuna mama mzee upande wa chini ambaye amesema hatatoka tena, kwa sababu alishatoka mara nyingi. Unamjua jina lake. Umtumie mmoja wetu mwenye mkono na mwenye subira, asimpigie kelele. Na umguse yule mkubwa anayeandika tangazo leo, akumbuke kutuma pia mitumbwi. Kwa jina la Yesu, amina.

Daftari litafunguliwa saa tano. Mwenye kalamu aje nayo.