Ni Mafunzo Gani ya Kujihami Yamfaayo Kijana?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, baada ya sala ya Alasiri)



Mada niliyopewa leo yatokana na swali ambalo vijana wetu wamekuwa wakiliuliza, na wazazi pia, hasa wale ambao watoto wao hurudi usiku kutoka kazini na masomoni. Katika michezo ya kupigana inayofundishwa siku hizi, yaani karate, judo, ndondi, taekwondo, kung fu na mingineyo, ni upi umfaao mtu anayetaka kuilinda nafsi yake njiani, wala hatafuti medali? Sina haja ya kuanza kwa kuthibitisha kwamba kujihami kwaruhusiwa. Hilo lajulikana, na imepokewa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe alipambana mieleka na Rukana, aliyekuwa hodari wa Makka, akamwangusha. Swali letu ni la kuchagua tu; maana ada ni fedha, na jioni tatu za kila wiki kwa miaka miwili ni sehemu ya umri wa mtu.

Jibu langu nalitanguliza. Usichague kwa jina la mchezo, bali tazama jinsi wanavyofanya mazoezi. Mahali ambapo mwanafunzi kila wiki hupambana na mwenzake asiyekubali kuangushwa, anayesukuma na kuvuta na kukataa kwa nguvu zake zote, hapo patamfaa. Mahali ambapo mwenzake husimama amenyoosha mkono akingoja kushikwa, hapo hapatamfaa, hata kama mwalimu ana mikanda myeusi kumi.

Ndugu zangu, jambo hili halikugunduliwa jana. Huko Japani palikuwa na shule nyingi za kale za jujutsu, na kila moja ikijivunia siri zake: namna ya kuvunja kiwiko, kutoboa jicho, kupiga koo. Kwa kuwa mambo hayo ni ya hatari, wanafunzi hawakuweza kuyafanya kwa kweli juu ya wenzao, ama sivyo shule ingebaki na vilema watupu. Basi katika nyingi ya shule hizo waliyafanya kwa kuigiza, mmoja akishambulia kwa namna iliyopangwa na mwingine akijibu kwa namna iliyopangwa. Kijana mmoja mwenye umbo dogo, Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860, alijifunza katika shule mbili za jujutsu, na mwaka 1882 akaanzisha shule yake mwenyewe, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Mchezo wake akauita judo.

Alilolifanya Kano ni jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa kinyume. Katika mazoezi huru aliziondoa zile mbinu za hatari, akabakiza kuangusha, kubana chini, kukaba shingo na kukunja kiungo cha mkono kwa kiasi ambacho aliyeshikwa aweza kupigapiga kwa kiganja kuashiria kwamba amekubali kushindwa. Kisha akawaambia wanafunzi wake: sasa fanyeni kwa nguvu zenu zote. Zoezi hilo Wajapani huliita randori. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1880, mbele ya polisi wa Tokyo, wanafunzi wa Kano walipambanishwa na watu wa shule za kale, wakashinda mapambano mengi. Sababu yake yaeleweka. Yule aliyejifunza mbinu ya kuua lakini hajapata kuijaribu kwa mtu anayekataa, hakika hajui kama anaiweza. Na yule aliyemwangusha mwenzake mara elfu kwa mbinu ya kawaida, naye mwenyewe akaangushwa mara elfu, ameujua mwili wa mtu mwingine, uzito wake na hila zake, kama fundi seremala aijuavyo mbao.

Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na kutokana na mafundisho yake ukoo wa Gracie ukajijengea mchezo wao wa kupigana chini. Tarehe 12 Novemba 1993, katika mji wa Denver, Marekani, watu wanane wa michezo mbalimbali walikutanishwa katika mashindano ya usiku mmoja yenye kanuni chache mno. Alikuwamo mwanandondi aliyevaa glavu mkono mmoja tu, jambo ambalo hadi leo huwachekesha watu wa michezo hiyo. Aliyeshinda ni Royce Gracie, mtu mwembamba wa kilo 80 hivi, na wapinzani wake wote watatu wa usiku ule walikubali kushindwa wenyewe.

Tangu siku ile vijana wengi duniani, na wa kwetu pia, wameamini kwamba tatizo limekwisha: nenda kajifunze kupigana chini. Hapa nawaomba mtulie kidogo. Pambano lile lilikuwa la mtu mmoja kwa mmoja, juu ya sakafu laini, hapana mwenye kisu, hapana rafiki wa mpinzani aliyesimama pembeni. Je, hivyo ndivyo mtu anavyovamiwa kwetu?

Tujiulize vibaka hufanya nini. Mara nyingi mmoja hukujia kwa nyuma akakupiga kabali, mkono wake ukiizunguka shingo, na wenzake wawili hupekua mifuko. Jambo lote huisha kabla mpita njia hajageuza shingo. Au pikipiki hupita kasi na mkoba hunyakuliwa. Au ni ugomvi wa mtu mnayejuana, jirani au mlevi wa mtaani, unaoanza kwa maneno, kisha kusukumana, kisha ngumi ya ghafla. Katika hali hizi anayejilaza chini kwa hiari yake ili apigane huko, atapigwa mateke ya kichwa na rafiki wa adui yake. Elimu ya chini yafaa kwa jambo moja hasa, nalo ni kujua namna ya kuinuka ukiwa umeangushwa. Basi judo na mieleka vyafaa, kwani vyafundisha kusimama imara unapovutwa, na kuanguka bila kuvunjika mkono. Na anayekabwa shingo mara kwa mara katika mazoezi hatahamaki siku ya kabali, bali mara moja atakiingiza kidevu chini, ataushika mkono ule kwa mikono yake miwili na kugeuka. Asiyezoea hupoteza zile sekunde chache za mwanzo, nazo ndizo zenye thamani.

Ama kuhusu karate, ambayo ndiyo yenye wapenzi wengi mitaani, haifai kuisemea kwa neno moja. Ilitoka visiwa vya Okinawa, na mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu Anko Itosu aliiingiza katika shule za watoto, ambako ililazimu kufundishwa kwa mafungu, watoto wakiwa katika safu, wakipiga hewa kwa pamoja. Kumbi nyingi zimebaki hapo hadi leo. Lakini wapo wa Kyokushin, ambao hupigana kwa mguso kamili, ingawa ngumi za usoni hawaziruhusu. Vivyo hivyo taekwondo ya mashindano ya Olimpiki huruhusu teke la kichwa lakini hairuhusu ngumi ya kichwa, kwa hiyo mabingwa wake wengi husimama mikono ikiwa chini. Hata judo yenyewe, tangu mwaka 2010, kanuni za kimataifa zimeanza kumwadhibu anayeishambulia miguu ya mpinzani kwa mikono, na zoezi hilo likaanza kupotea katika kumbi. Lililokatazwa mashindanoni husahauliwa mazoezini, na huko njiani hapana mwamuzi. Kwa hiyo mwulize mwalimu: je, mbali na ya mashindano, mwafundisha yale yaliyoachwa?

Ndondi nazo ni mafunzo mazuri ya kujihami. Hakuna mchezo unaomfundisha mtu upesi zaidi kuiona ngumi inavyokuja, kuukwepesha mwili na kutopumbaa baada ya kupigwa. Lakini gharama yake i katika kichwa. Robert Wangila wa Kenya alitwaa medali ya dhahabu huko Seoul mwaka 1988, akalifurahisha bara zima, na mwaka 1994 alifariki baada ya pambano la Las Vegas. Twajua pia kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kupiga uso. Kwa hiyo kijana anayetaka kujihami ajifunze ndondi kwa mfuko wa mchanga, kwa kukwepa, na kwa kupigana mazoezi ya mwilini na mabegani. Wala asikubali kila wiki kutikiswa ubongo ili tu asifiwe kuwa ni mkakamavu. Mwalimu anayewapambanisha watoto kwa ngumi za kichwa, mzazi amwondoe mtoto wake siku hiyo hiyo.

Sasa naja kwa mama zetu na mabinti, na hapa natamani wazazi wasikilize kuliko wote. Huko Canada wataalamu waliwachunguza wanafunzi wa kike 893 wa vyuo vikuu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Nusu yao walipewa mafunzo ya saa 12, na nusu nyingine vipeperushi tu na maelezo mafupi. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la vipeperushi walikuwa asilimia 9.8, na katika kundi la mafunzo asilimia 5.2. Sasa tazameni yaliyofundishwa. Mafunzo yalikuwa na sehemu nne, na katika hizo ni moja tu iliyohusu kupigana. Zilizobaki zilihusu kuitambua hatari mapema, hasa itokayo kwa mtu anayefahamika, kuushinda ule moyo wa kuona haya unaomfanya binti asimkatalie jamaa au rafiki wa familia, na kuyajua mambo anayoyataka na asiyoyataka. Sisi huwafundisha mabinti zetu adabu ya kunyamaza, nalo ni jambo jema mahali pake. Lakini nani amewafundisha kupiga kelele? Kupaza sauti kwahitaji mazoezi kama ngumi inavyohitaji. Binti ambaye hajapata hata mara moja kumwambia mtu mzima kwa sauti kuu, "Ondoka, usiniguse," siku ya haja koo litamkauka.

Ama suala la mavazi na kuchanganyika, lisiwe kisingizio cha kuwanyima. Kundi la wanawake na mwalimu mwanamke laweza kupangwa hata katika darasa la madrasa baada ya masomo. Na mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza judo akiwa amefunika kichwa. Hali kadhalika ile desturi ya kuinama mbele ya picha ya mwanzilishi, iliyopo katika baadhi ya kumbi: zungumzeni na mwalimu kwa heshima kabla ya kulipa ada, mwelezeni kwamba mtamwamkia kwa namna nyingine. Akikataa, tafuteni ukumbi mwingine.

Kuhusu silaha nitasema kwa ufupi. Makundi ya vijana wenye mapanga yaliyoitwa panya road yaliitia hofu Dar es Salaam mwaka 2015 na tena mwaka 2022. Hakuna mchezo wowote, uwe wa Japani, wa Brazili au wa Thailand, unaomwezesha mtu mikono mitupu kuyakabili mapanga matano. Mwalimu anayeonyesha jinsi ya kumnyang'anya mtu panga kwa ustadi, huku mwenye panga akipiga pigo moja na kisha kuuacha mkono hewani, anaonyesha sinema. Toa simu, toa pochi, kimbia. Na kwa kuwa kukimbia ndiko kunakookoa zaidi, kijana ambaye hawezi kukimbia mita mia nne bila kukatika pumzi aanze na hilo, nalo halina ada.

Basi mtakapokwenda kuutazama ukumbi, nendeni bila kutoa taarifa, mkae pembeni saa nzima. Tazameni kama wanafunzi wa miezi mitatu wanatokwa na jasho kwa kupambana au wamesimama wakihutubiwa. Tazameni mwanafunzi mdogo anapozidiwa, je, mkubwa humwachia? Tazameni kama mwalimu mwenyewe hupambana na wanafunzi wake na mara mojamoja huangushwa. Yule asemaye kwamba mbinu zake ni kali mno hata haziwezi kujaribiwa, Kano alikwisha kumjibu tangu mwaka 1882. Na ikiwa mtaani kwenu kuna ukumbi mmoja tu wenye mapambano ya kweli, uwe wa judo, wa mieleka au wa ndondi, huo ndio wenu. Msiupite mkafuata jina mjini.

Lipo jambo la sheria, ambalo waalimu wengi hawalisemi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokiambatia, yampa mtu haki ya kujihami na kumhami mwingine pamoja na mali yake, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachostahili tu. Na aliyezidisha aweza kushtakiwa kwa alilolitenda. Maana yake ni kwamba kibaka akiisha kuanguka au akianza kukimbia, haki yako ya kumpiga imekwisha papo hapo. Teke la pili ni kosa lako. Na umati ukikusanyika na mawe na matairi, wewe uliyeibiwa ndiye mwenye sauti ya kuwazuia, maana watasema wanakutetea wewe. Kisha mwenye jeraha kubwa atangulie hospitali, na aliye na nafuu aende kituo cha polisi usiku ule ule akatoe taarifa na kuchukua fomu ya PF3, ambayo daktari ataijaza kueleza majeraha yake. Asingoje asubuhi, kwani anayefika kwanza kueleza habari ndiye husikilizwa kama mlalamikaji.