Rejeta ya Alumini: Kabla Hujanunua



Barabara ya Embu hadi Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na mto Nithi, ni milima na mabonde. Gari likichemsha huko, wengi hukimbilia kununua rejeta ya alumini. Ngojeni kidogo. Magari mengi ya siku hizi tayari yana rejeta ya alumini. Kinachopasuka aghalabu ni matangi yake ya plastiki. Ile ya alumini tupu huondoa udhaifu huo. Lakini thamostati ikikwama au feni isipozunguka, gari litachemsha vilevile.

Angalieni kifuniko pia. Mjini Meru, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Presha ya kifuniko ndiyo huyazuia. Maji ya kisima msitie, chumvi yake hula alumini. Tieni kulanti. Tena muulizeni fundi kama anaweza kuchomelea alumini, maana haizibwi kirahisi kama shaba.

Na gari likichemsha, usifungue kifuniko likiwa moto. Mvuke ule hubabua uso. Egesha, zima injini, usubiri lipoe. Abiria watanung'unika, wanung'unike.