Kijana, nani kakwambia kazi na shule haviendi pamoja?



Mazungumzo haya niliyaandaa kwa vijana wenzangu wa hapa Endamarariek, wilayani Karatu. Nayatoa gazetini kwa sababu wewe uliyeko kijiweni Manzese, Kwa Mrombo au Mabatini yanakuhusu vilevile. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, elimu yangu kidato cha nne. Sikuja na joho wala digrii ya kukutishia. Nimekuja na swali moja: kwa nini kijana wa Tanzania alazimishwe kuchagua kati ya kushika kazi na kushika kitabu?

Tuanze na hali ilivyo. Hapa kwetu tunalima mahindi, mbaazi, maharage na ngano. Mvua ikigoma, kijana anapanda gari kwenda Karatu mjini, kwenye ile barabara ya watalii waendao Ngorongoro. Anapokewa gereji, au jikoni kwenye lodge, au kwenye jengo linalopanda. Anaingia kama saidia fundi. Mwaka wa kwanza anashika spana, wa tatu anashika spana, wa tano ni hivyo hivyo. Kwa sasa anaifungua giaboksi ya Land Cruiser hata gizani. Lakini siku bosi akimwambia "kesho usije", anaondoka mikono mitupu. Hana mkataba, hana cheti, hana hata kikaratasi cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwepo pale.

Mwenzake aliyefaulu yuko chuo kikuu. Anasoma miaka mitatu au minne, kisha anatupwa "fildi" wiki chache, mara nyingi kwa nauli yake mwenyewe, na huko anatumwa kutoa fotokopi. Anahitimu akiwa na shahada mkono mmoja na deni la Bodi ya Mikopo mkono wa pili. Mwaka 2016 makato ya deni hilo yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Hapo ni kama mshahara wenyewe ameupata!

Mmoja ana kazi bila shule, mwingine ana shule bila kazi. Wote wawili wanakutana kijiweni.

Sasa tazama wenzetu. Kule Ujerumani, katika jimbo la Baden-Württemberg, kampuni kubwa za viwanda na serikali ya jimbo walianzisha katika miaka ya 1970 vyuo ambavyo huwezi kuingia mpaka uwe na mkataba na kampuni. Mwanafunzi anakaa darasani kama miezi mitatu, anarudi kazini miezi mitatu, anapokezana hivyo hadi amalize. Mshahara unaingia muda wote, hata akiwa darasani. Mwaka 2009 vyuo hivyo vilipewa hadhi ya chuo kikuu.

Uingereza nao walianza shahada za uanagenzi mwaka 2015. Kijana anaajiriwa kwanza. Anafanya kazi, na sehemu ya muda wake wa kazi ni ya masomo: pengine siku moja ya wiki, pengine wiki kadhaa mfululizo. Anasomea uhandisi, uuguzi, programu za kompyuta, hata upolisi. Inamchukua miaka mitatu hadi sita. Ada halipi yeye. Akimaliza ana shahada kamili, ana uzoefu wa kazi, na hadaiwi ada hata senti.

Utauliza, nani analipa? Tangu mwaka 2017 mwajiri mkubwa wa kule, ambaye mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka, anatozwa asilimia 0.5. Fedha hiyo inaonekana kwenye akaunti yake, naye anaichota kulipia mafunzo ya wanagenzi wake. Asipoitumia kwa muda uliowekwa, inampotea. Kwa hiyo mwajiri mwenyewe ndiye anayemtafuta kijana wa kumsomesha.

Usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Hapa nchini sheria ya uanagenzi ipo tangu mwaka 1940, enzi za mkoloni. Mwaka 1974 ikaja sheria ya mafunzo ya ufundi, na mwaka 1994 ikaundwa VETA. Wazee wetu mafundi wanakumbuka majaribio ya ufundi, daraja la tatu hadi la kwanza: ulifanya kazi, ukapimwa, ukapanda. VETA imejaribu mafunzo pacha ya darasani na kazini kwa kushirikiana na Chama cha Mafundi cha Hamburg. Chuo cha Taifa cha Utalii kimefundisha wanagenzi wa hoteli kwa utaratibu wa miaka miwili, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Mwaka 2017 serikali ikazindua miongozo ya taifa ya uanagenzi.

Ngazi nayo ipo, tena imechorwa vizuri. Ufundi stadi una ngazi ya 1 hadi ya 3. Ukitoka hapo kuna ngazi ya 4 hadi ya 6, ambayo ni stashahada, na ngazi ya 8 ndiyo shahada. Tatizo ni kwamba kadiri unavyopanda, mshahara na mkataba vinabaki chini. Uanagenzi wetu unaishia kwenye cheti, nao unagusa wachache. Aliye gereji akitaka stashahada, inambidi aache kazi, na akiacha kazi nani atamlipia ada?

Na fedha je? Hapa ndipo penye kuuma. Waajiri wetu wanatozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL. Kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 6 ya mishahara yote. Mwaka 2013 ikashushwa hadi 5, na kufikia 2023 ikawa 3.5. Kweli, mishahara ya Uingereza ni minono na kampuni zao ni nyingi. Lakini hapa kwetu VETA ilipangiwa theluthi moja tu ya tozo hiyo. Zile mbili zilienda Hazina. Mwajiri anatozwa kwa jina lako wewe fundi, lakini hana akaunti ya kuchota ili akusomeshe. Anaona ni kodi tu. Akishalipa anasema, "Nimemaliza," na wewe unaendelea kushika spana.

Kwa hiyo mbunge au diwani akija kukuomba kura, wa chama chochote, usimuulize kofia na fulana. Muulize tozo ya ufundi stadi itaanza lini kumsomesha aliyeko kazini.

Na wewe usikae kungoja. Ukipata nafasi ya kujifunza kazi mahali, uliza mambo matatu. Kwanza, mkataba: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Pili, ujira: kiasi gani, na kitapanda lini. Tatu, cheti: nani atakupima, na kitakuvusha kwenda ngazi gani. Likikosekana la kwanza, wewe ni deiwaka. Likikosekana la pili, unatumikishwa. Likikosekana la tatu, utazeeka ukiitwa saidia fundi.

Na wewe ambaye umeshajifunza chini ya mwembe, nenda ofisi ya VETA iliyo karibu ukaulizie utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Wanakupima kwa kile unachokijua, wanakupa karatasi. Chukua karatasi hiyo, kanyaga ngazi inayofuata.

Mikono yako imeshasoma. Dai iandikiwe.

Naomba kuwasilisha.