Kaa Mdogo wa Tanganyika na Hoja ya Bahari

Watu wengi hudhani ya kuwa kaa ni mnyama wa pwani tu. Nanyi mkaao mbali na bahari huenda mkauliza habari za kaa zawahusu nini. Jawabu letu ni hili: kaa tutakayemtaja leo hakai baharini, ila ziwa lake lilipata kudhaniwa na wenye elimu kuwa ni masalio ya bahari. Tena hayuko mbali nanyi sana, maana reli ipitayo Manyoni na Itigi ndiyo iliyofika Kigoma mwaka 1914, ukingoni mwa ziwa hilo.

Kaa huyu wa Ziwa Tanganyika huitwa kwa Kilatini Platythelphusa maculata. Ni mdogo mno, hata huweza kukaa ndani ya gamba tupu la konokono lililolala chini ya maji. Mwenye kumtafuta hana budi kuyaokota magamba hayo na kuyachungulia moja moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hoja ya bahari ilianzaje? Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika, na Speke akaokota magamba ya konokono. Magamba hayo, na mengine yaliyofuata, yalipotazamwa Ulaya, baadhi yalionekana kufanana na ya baharini. Kisha likapatikana yavuyavu, kiumbe laini kama utando wanachokijua sana wavuvi wa pwani, nalo likapewa jina. Bwana J. E. S. Moore alisafiri mara mbili kulichungua ziwa, na mwaka 1903 akatoa kitabu akishikilia kwamba zamani za kale bahari ilifika mpaka hapo, ikaondoka, ikawaacha viumbe wake nyuma. Kaa nao wakaingizwa katika shauri hilo.

Hapo ndipo ilipohitajika kazi ya kupambanua. Mwaka 1899 Bwana W. A. Cunnington alimwandika kaa wetu kwa mara ya kwanza, akamwita Limnothelphusa maculata, na neno hilo la pili maana yake ni mwenye madoadoa. Baadaye aliwekwa katika jamii ya Platythelphusa, iliyokwisha kupewa jina mwaka 1887. Kwa desturi ya elimu hii, mnyama akihamishwa jamii, jina la aliyemwandika kwanza halifutwi, bali hutiwa ndani ya mabano, ili heshima yake isipotee.

Kumwandika mnyama si kumtazama mara moja na kumpa jina. Hupimwa upana na urefu wa gamba la mgongoni. Huhesabiwa miiba ya ukingoni. Magando mawili hulinganishwa, kwani mara nyingi moja ni kubwa kuliko jingine. Hufunuliwa viungo vya kinywani, na vile viungo vidogo vya uzazi vilivyofichwa chini ya tumbo la dume. Kaa wawili wafananao machoni mwa mpita njia huweza kutengwa kwa viungo hivyo peke yake.

Na uzazi nao hutoa ushahidi. Kaa wa baharini kwa kawaida hutaga mayai madogo mengi mno, na watoto wake huelea majini wakiwa na umbo lisilofanana na la wazazi. Kaa wa jamii ya Platythelphusa, kama kaa wenziwe wa mito ya Afrika, hutaga mayai machache makubwa, na mtoto hutoka akiwa kaa kamili, akakaa kwanza chini ya tumbo la mamaye. Cunnington mwenyewe alikwenda Tanganyika mwaka 1904 na 1905, na mwaka 1920 akaandika kuikataa hoja ya bahari. Uchunguzi wa vinasaba wa siku zetu umethibitisha kwamba kaa hawa ni uzao wa kaa wa maji baridi wa Afrika.

Ninyi wa Singida mna shahidi mlangoni. Maji ya Singidani yana chumvi, wala hakuna asemaye kuwa bahari ilifika huko. Maji huingia yakichukua chumvi ya ardhi. Hayana njia ya kutokea. Jua huyakausha, na chumvi hubaki. Basi ziwa lenye chumvi si lazima liwe mtoto wa bahari, na konokono mwenye sura ya pwani si lazima awe ametoka pwani.

Kazi haikuishia hapo. Bwana Capart, Mbelgiji, aliongeza aina kadhaa mwaka 1952, na mwaka 2004 mabingwa wengine wakaongeza mbili, hata jamii hiyo ikawa na aina tisa, zote za Tanganyika peke yake. Lakini pana jambo la kuhuzunisha. Miti ya milimani ikikatwa, mvua huteremsha udongo mpaka ziwani, nao hufunika mawe na magamba. Kaa akaaye katika gamba, gamba lake likizikwa, atahamia wapi?

Kwa hiyo twawausia walimu na wanafunzi: mkiokota kiumbe msichokijua, mtoni au ziwani, andikeni siku ile ile mahali, tarehe, kina cha maji, na rangi yake angali hai, kwa maana rangi hufifia ndani ya spiriti. Kaa aliyeitwa kwa madoadoa yake huweza kuyapoteza katika chupa. Yaliyoandikwa penye karatasi ndiyo yatakayobaki kumshuhudia.