Ukuta Unaotoa Jasho
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari waliopanga vyumba, Tunduma)

Leo tuongee habari za geto. Wengi wenu kwenu ni mbali, Ileje, Momba au vijiji vya Mbozi, ndiyo maana mmepanga karibu na shule. Na huku kwetu mvua ni Novemba mpaka Aprili. Sare haikauki, godoro linanuka uvundo, ukutani kuna madoa meusi. Hayo madoa ni kuvu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanaoishi kwenye unyevu na kuvu husumbuliwa zaidi na kifua, pumu ikiwemo.

Sasa, unyevu unatoka wapi? Kwanza, nje: bati linavuja, au maji yanatuama kwenye msingi na tofali linayanyonya. Pili, ni sisi wenyewe. Watu wawili wakilala usiku mmoja, pumzi na jasho lao hutoa kama nusu lita ya maji. Ongeza sufuria ya maharage isiyofunikwa, na nguo zilizoanikwa ndani. Mvuke ukigusa ukuta wa baridi unageuka matone.

Utajuaje? Pangusa ukuta ukauke. Bandika kipande cha nailoni ya kufunikia daftari, selotepu pande zote, uache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, yanatoka chumbani.

Kama ni ukuta, nendeni kwa mwenye nyumba, wapangaji pamoja au na mzazi. Ongeeni kwa adabu, mtaje kazi yenyewe: mfereji wa kupeleka maji mbali, udongo uliolundikana ukutani uondolewe, bati lizibwe. Mkikubaliana mlipe fundi mkate kwenye kodi, muandikiane.

Kama ni chumba, pikia nje au barazani, funika sufuria, anika chini ya upenu. Mtasema, "Tukifungua dirisha, je wezi?" Fungua asubuhi ukiwa ndani unafagia, dirisha na mlango, robo saa inatosha kuanzia. Kitanda kisiguse ukuta. Kuvu futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kausha. Usikwangue kikavu, vumbi lake utalivuta.

La mwisho, na hili msilisahau. Sare mbichi au baridi ya Juni na Julai isikufanye uingize jiko la mkaa ndani ukafunga mlango. Mkaa, hata ukiwa mwekundu bila moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inazuia damu kubeba oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, unasinzia, huamki tena. Mkihisi hivyo tokeni nje mara moja, mtoeni na mwenzenu, muende hospitali.

Jamani, kwenda shule na shati bichi ni aibu ya asubuhi moja tu. Haya, maswali?