Kabla Seva Haijaongezwa Nguvu, Diski Zikaguliwe
Mazungumzo na wakazi kuhusu huduma za kaunti mtandaoni



Kila mwaka, Machi ikielekea mwisho, wafanyabiashara wengi hulipia vibali kwa pamoja na mfumo hulemewa. Mama mboga husubiri risiti isiyofika, ilhali askari wa kaunti tayari amesimama kibandani. Ndiyo maana seva huongezwa nguvu kabla ya msimu huo.

Seva nyingi za siku hizi ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu, mara nyingi iliyokodishwa ndani ya mitambo ya kampuni kama Microsoft au Amazon. Kuipanua hakuhitaji kununua kompyuta mpya. Fundi huchagua ukubwa wenye prosesa na memori zaidi, kisha mashine huzimwa na kuwashwa upya. Kwa hivyo huduma hukatika kwa muda, na inafaa kazi hiyo ifanywe usiku baada ya tangazo.

Hatari iko kwenye diski, mahali rekodi zenu zinapohifadhiwa. Si kila ukubwa wa mashine hukubali kila diski. Katika Azure ya Microsoft, mashine yenye diski za Premium SSD haiwezi kuhamishiwa ukubwa usiozikubali. Ukubwa unaozikubali huwa na herufi “s” katika jina, kama D4s_v5. Kila ukubwa pia una kikomo cha idadi ya diski na kasi yake. Kuna pia diski ya muda, ambayo yaliyomo yanaweza kupotea mashine inapobadilishwa. Risiti ya mwananchi haipaswi kuwekwa humo hata kwa siku moja.

Utaratibu salama ni huu: kuorodhesha diski zote, kulinganisha na ukubwa mpya, kuchukua nakala ya akiba, kujaribu kwa nakala hiyo, halafu ndipo mashine yenyewe ibadilishwe. Mkazi ana haki ya kuuliza iwapo hatua hizi zimefuatwa.

Kwa upande wenu, lipeni mapema. Mfumo ukikatika baada ya kulipa, msilipe mara ya pili. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa na mwende nao katika ofisi ya mapato iliyo karibu. Ujumbe huo ndio ushahidi wenu.