Chombo Kikipanda Mwamba



Watu wengi wa bara hudhani ya kuwa adui wa chombo ni tufani na mawimbi ya katikati ya bahari. Nahodha wa Lamu au wa Vanga hasemi hivyo. Yeye ajua kwamba chombo chaweza kuvunjika hali bahari ni shwari na nchi kavu yaonekana, kwa sababu ya fungu la mchanga au mwamba uliofichwa na maji.

Habari moja ya mambo haya ilitokea katika pwani hii hii. Mwezi wa Aprili 1498, merikebu tatu za Wareno, zikiongozwa na Vasco da Gama, zilikuwa zikielekea Mombasa. Marubani wao walitoka Msumbiji, wala hawakuwa na mapatano mema nao, kwani mmoja alikuwa amepigwa viboko kwa kusema kuwa visiwa fulani ni bara. Mtu aliyepigwa hana haja ya kuwaonya waliompiga. Hata hivyo merikebu ziliendelea kusafiri usiku katika maji yasiyojulikana. Kabla ya mapambazuko merikebu ya São Rafael, ya Paulo da Gama, nduguye Vasco, ilipanda fungu upande wa Tanga, mkabala wa milima ya Usambara.

Walilolifanya baadaye lilikuwa jema. Kwanza walipiga kelele, na wenzao waliokuwa wakifuata wakatia nanga mbali kidogo, nao wakaokoka. Kisha wakashusha mashua. Maji yalikupwa hata merikebu ikakaa pakavu kabisa. Hawakushindana na mchanga. Walipeleka nanga nyingi kwa mashua, wakangoja. Maji yalipojaa mchana, merikebu ilielea, wakashangilia sana.

Basi nahodha aliyepwelewa apaswa kujiuliza jambo moja kabla ya yote: maji yakupwa au yajaa? Kama yajaa, atue tanga, atie bildi pande zote za chombo apate kujua kina kiko wapi, apeleke nanga huko kwa mashua, kisha mabaharia wavute kamba maji yapandapo. Kama yakupwa, akitumia tanga kwa nguvu atazidi kukipandisha chombo na kuuvunja mkuku. Heri akiegemeze kwa magogo kisilale ubavu, na kufaulisha shehena kiwe chepesi. Watu wasiondoke kwa kuogelea gizani, maana wengi hufa kwa kukiacha chombo ambacho kingewahifadhi mpaka asubuhi.

Yako pia mambo ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika Mombasa hupita meta 3. Siku za maji mafu ni kidogo sana. Kwa hiyo chombo kinachopanda fungu wakati wa maji makuu ya bamvua kiko katika taabu kubwa kuliko kinachokwama siku nyingine, kwa maana maji yatakayofuata kila siku yatakuwa machache, na huenda kikangoja majuma mawili. Mwenye kubeba chokaa au boriti asipite juu ya fungu siku kama hiyo ili kufupisha njia.

Wala mitambo haikuiondoa kanuni hii. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa meta 400, ilikwama katika Mfereji wa Suez wakati wa upepo mkali wenye vumbi, ingawa ilikuwa na marubani wa mfereji. Meli zaidi ya 300 zikazuiwa. Mchanga ulichimbwa, meli za kuvuta zikavuta, lakini ilitoka tarehe 29 Machi, mwezi ulipokuwa mpevu na maji ya bamvua yalipopanda.

Na ile São Rafael? Iliporudi kutoka Bara Hindi mwezi wa Januari 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakatia nanga penye fungu lile lile, shehena ikahamishwa, na merikebu ikachomwa moto. Wenyeji wa Mtangata walikuja kuwauzia kuku.